Kurasa za Mwisho za Hadithi ya Mzimu

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeitikia mapema, maana walimu wa siku hizi mkiingia ofisini mnaanza kutafuta pa kuchomeka chaja, salamu inafuata baadaye.

Nimefundisha Fasihi ya Kiingereza miaka thelathini na moja katika shule moja ya kutwa, mwendo wa dakika tano kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Ukifungua dirisha la darasa letu ulimsikia muuza viatu vya mtumba vizuri kuliko ulivyojisikia mwenyewe, na nadhani wanafunzi walijifunza zaidi kwake, maana yeye alikuwa na mifano mkononi. Sasa nimestaafu. Nakaa Magomeni, nakunywa chai isiyo na sukari kwa amri ya daktari, na kila muhula kuna mwalimu kijana ananipigia simu, mpole kama anakuja kuposa, kuniomba notisi zangu za kile kitabu cha mzimu. Notisi hizo zimeuzunguka mji huu kuliko mimi. Zimetolewa kopi kwenye kila steshenari ya Kariakoo, zimefungiwa vitumbua, na naambiwa sasa zimo hata kwenye makundi ya simu. Naandika haya ili mkishayasoma mwache kuniomba.

Jina la kitabu silitaji. Kilikuwa kimeondolewa kwenye orodha, nasikia kimerudishwa, na sitaki kulaumiwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Hadithi yenyewe ni hii. Bwana mmoja mzee, tajiri, anaishi katika jumba kuukuu huko mashambani Uingereza. Jumba lina vyumba thelathini na watu watano. Binti wa kaka yake anakuja kumtunza. Kila alasiri, saa ya chai, chumba cha kulia kinasikika kikiandaliwa: sahani zinapangwa, vijiko vinawekwa. Binti akienda kutazama hakuti mtu, ila meza iko tayari na kijiko kimoja kimepungua. Wote humo ndani wanajua, na hakuna anayesema. Kurasa mia mbili na ushee, zote ukungu na baridi.

Kulifundisha jumba hilo Kariakoo ni kazi nyingine. Nilipoandika ubaoni vyumba thelathini, watu watano, mkono wa kwanza kuinuka uliuliza kwa nini hawakupangisha. Swali la haki kabisa. Nusu ya darasa walitoka kwenye nyumba za vyumba sita zenye familia sita, choo kimoja uani, na foleni ya kuoga inayoanza alfajiri. Mwingine akasema mzimu wa namna hiyo akija Kariakoo atakosa pa kukaa. Nilipowaambia jumba liko shamba, wakataka kujua shamba la nini, mihogo au minazi, na tajiri mzima anatafuta nini shamba badala ya kupandisha ghorofa mjini. Tukafika kwenye moto unaowashwa sebuleni, ndani ya nyumba, mchana. Ilikuwa mwezi wa pili, sote tunavuja jasho. Darasa likakubaliana kwamba yule mzee alikuwa na malaria.

Na mzimu mwenyewe walimdharau. Wao wamezoea majini yenye madai: hili linataka udi, lile linataka marashi, likipewa linatulia. Mzimu anayekuja kupanga vijiko na kwenda zake bila kuomba kitu walimwona hana kazi. Waislamu walishangaa shekhe hakuitwa, Wakristo walishangaa mchungaji hakuitwa, na wote kwa umoja wa kitaifa walishangaa familia haikuhama.

Sasa sikilizeni, hapa pana ujuzi, na nautoa bure. Msiwaulize wanafunzi kama mzimu ni wa kweli. Hilo ni swali la kijiwe cha kahawa na halitaisha leo. Waulizeni hivi: ndani ya nyumba hii, nani anajua jambo na amenyamaza? Mtoto wa Kariakoo atawaelewa papo hapo, kwa sababu hakuna ukoo usiokuwa na shangazi ambaye habari zake hukatishwa mtoto akiingia chumbani. Kisha waambieni watazame mzimu anafanya nini, waachane na alivyovaa. Wangu mimi alikuwa anapanga vijiko, na kwa miaka kumi na moja sikujiuliza kwa nini. Ukungu, mishumaa na milango inayolia, hayo mtihani hauyajali sana. Ujuzi huu niliupata karibu na kustaafu, wakati ambapo ujuzi wote hufika.

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kwa Mwalimu Kasembe, mtu wa Masasi, mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Kanuni yake ilikuwa moja: mwalimu haulizwi, mwalimu anauliza. Ukiulizwa usilolijua, mrudishie mwanafunzi lile lile swali kama kazi ya nyumbani. Aliheshimiwa sana. Alipopata uhamisho, miaka sita baadaye, alinikabidhi kaunta buku lake la notisi mbele ya walimu wote, na mimi nikalipokea kwa mikono miwili. Pamoja nalo akanipa kitabu cha mzimu. Nasema kitabu, maana shule nzima ilikuwa nacho kimoja. Mwanafunzi hakukigusa. Mwalimu alisoma kwa sauti, mwanafunzi aliandika notisi, na hivyo ndivyo tulivyofundisha kusoma.

Kitabu hicho hakikuwa na jalada, wala hakikuwa na kurasa tisa za mwisho. Nilimuuliza Kasembe. Akasema nisihangaike, mwisho umo kwenye notisi. Na kweli ulikuwamo, kwa wino mwekundu: mzimu ni marehemu mke wa yule mzee, amerudi kulipiza kisasi kwa sababu mumewe hakumpenda. Dhamira, kisasi. Nikaufundisha mwisho huo miaka kumi na moja, na niliupamba. Mwaka wa nne nilimvika mke gauni jeupe. Kufika mwaka wa saba nilikuwa naigiza anavyolia, na mkuu wa shule akawa analeta wageni mlangoni wanione. Mtauliza kwa nini sikutafuta kitabu kizima. Swali zuri, lichukueni kama kazi ya nyumbani.

Mwaka wa kumi na moja nikawa na Aneth kwenye kidato cha nne. Baba yake alikuwa Mchaga wa Rombo, anauza mabeseni na ndoo kwa jumla pale Kariakoo. Siku ya wazazi alikuja na binti yake, akanieleza msimamo wake kwa upole tu. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamelikataa duka. Aneth anataka sheria, anataka siku moja asimame mahakamani. Sawa. Akipata C ya Fasihi ataendelea kidato cha tano. Asipopata, anaingia dukani, na habari za shule zisizungumzwe tena nyumbani kwake. Masomo mengine Aneth alikuwa anayamudu. Fasihi ndiyo ilimpa D kwenye mtihani wa moko, ule wa majaribio, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuandika anachofikiri, na mimi nilikuwa katika juhudi za kumwachisha. Baba akanishika mkono. "Mwalimu, mwanangu nimemweka kwako." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa Aneth alikwenda Posta, kwa wale wauza vitabu vikuukuu wanaovitandaza chini kwenye turubai, akakikuta kitabu chetu kikiwa kizima. Akakisoma mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya shule yetu. Hakunikosoa darasani. Alingoja kipindi kiishe, akanifuata ofisini, akaniamkia, akasema anaomba radhi, lakini kwenye nakala yake mwisho ni tofauti na uliomo kwenye notisi. Nikamwambia aniachie nikiangalie.

Nilikisoma alasiri ile ile pale mezani kwangu, penseli mkononi. Mzimu hakuwa mke. Mke alikufa kwa homa kitandani kwake na hakumrudia mtu. Mzimu alikuwa mtumishi wa ndani, binti wa miaka kumi na tisa. Kijiko cha fedha kilipotea, yule bwana akamwita mwizi mbele ya wageni waliokaa mezani, akamfukuza wakati wa baridi kali, binti akafia njiani. Wiki moja baadaye bwana alikikuta kijiko kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Akakifungia kwenye droo na kunyamaza miaka arobaini. Binti hakurudi kulipiza kisasi. Alirudi kuandaa meza ile ile na kungoja bwana aeleze ukweli pale pale alipomwaibishia. Bwana akafa hajasema, na kitabu kinaishia vijiko bado vinapangwa.

Mtu mwenye akili angezisoma kurasa hizo tisa akajua anaambiwa yeye. Mimi nilijua tu kwamba nimeingia matatani. Nilifikiria miaka kumi na moja ya wanafunzi. Nilifikiria steshenari, na wageni mlangoni, na kilio changu cha gauni jeupe. Na wiki ile ile mkuu wa shule alikuwa amependekeza jina langu niwe makamu wake. Aneth pia nilimfikiria, sitaki mseme sikumfikiria. Nilimfikiria, kisha nikaendelea kufikiria mambo mengine.

Kesho yake nikaingia darasani, nikakiinua kile kitabu juu kila mtu akione. Nikasema kuna mwenzetu ameokota kitabu barabarani, na kwamba hii ni chapa iliyofupishwa kwa ajili ya watoto wadogo wa Ulaya, mwisho wake umebadilishwa wasije wakaota vibaya. Atakayeandika upuuzi huu kwenye mtihani, nikasema, asije akanililia. Darasa likaangua kicheko. Nikamrudishia Aneth kitabu chake. Akasema asante mwalimu, akapekua kurasa za mwisho, akakitia kwenye begi, akashika kalamu. Nami nikaona nafuu. Nawaambia ukweli, niliona nafuu kabisa, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Mtihani ukafika. Nilijua ratiba, nikaenda kusimama getini tangu asubuhi kuwatakia heri, kama mwalimu anayewapenda watoto wake. Walipotoka walinikimbilia kwa furaha. Ticha, limekuja, walisema, limekuja lile la mwisho. Swali liliwataka waeleze jinsi mwisho wa hadithi unavyofichua siri ya nyumba, na wanafunzi thelathini na tisa walikuwa wamemimina gauni jeupe mpaka wakaomba karatasi za nyongeza. Aneth alitoka wa mwisho. Nikamuuliza ameandika nini.

"Nimeandika ulivyotufundisha, mwalimu."

Nikamwambia vizuri. Ndiyo, neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Matokeo yalipotoka, darasa letu lilikuwa limeanguka Fasihi vibaya. Mkuu wa shule akalaumu simu za mkononi. Kwenye kikao nikamuunga mkono, tena nikatoa mifano. Cheo nikapata. Aneth alihitaji C, akapata D. Miaka mingi nilijiambia kwamba swali moja haliwezi kumwangusha mtu mzima, na huenda ni kweli. Sijui, na nilihakikisha sijui, kwa sababu kutojua kulinifaa. Mwaka uliofuata kitabu kikaondolewa kwenye orodha, kwa hiyo hata notisi sikulazimika kuzirekebisha.

Haukupita mwezi tangu matokeo nikapita Kariakoo, nikamwona Aneth amekaa mbele ya duka katikati ya rundo la mabeseni, kanga kiunoni, anamwelekeza mpagazi. Nikageuza njia. Niliendelea kugeuza njia kwa miaka kumi na minne. Mkitaka kujua vichochoro vya nyuma vya Kariakoo, hilo niulizeni mimi, hilo ninalifahamu bila notisi.

Nilipostaafu, nikawa na muda wa kutembelea watu. Nikamfuata Mwalimu Kasembe, ambaye siku hizi anakaa kwa mwanawe, Magomeni hiyo hiyo. Nilimkuta barazani, shati bado limenyooka. Tukazungumza magonjwa, tukazungumza vifo, halafu nikamuuliza ule mwisho wa mke aliutoa wapi. Akashangaa, akaniuliza kama kuna mwingine. Kumbe na yeye alikikuta kitabu kimeshachanika. Alikaa jioni moja akafikiri, akaamua. Mzee, nyumba kubwa, mtu hamwachi apumzike hata saa ya chai. Nani mwingine awe kama si mkewe? Mama Kasembe alikuwa pembeni anapepeta mchele. Ungo ulianza kwenda kwa kasi.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani kicheko kikakata, kwa sababu niliona tofauti kati yangu na mzee wangu. Yeye alikosea na hakujua. Mimi nilijua, nikamwona mtoto wa mtu anaingia kwenye chumba cha mtihani na uongo wangu, nikamwacha aende. Nilijichukia jioni ile. Hilo sina namna ya kulifanyia mzaha.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kariakoo, safari hii kwa barabara kuu. Duka limepanuka, sasa ni milango mitatu, na jina lililoandikwa juu ni la Aneth. Baba yake amerudi Rombo kupumzika. Aliniona kabla sijavuka. Akaniamkia kwa jina la ualimu kwa sauti ya kusikika, akanitolea kiti, akaagiza soda. Ndani kulikuwa na wafanyakazi wake wawili na akina mama watatu kutoka Lindi waliokuja kuchukua mzigo. Nikamwomba tuzungumze pembeni.

"Sema hapa hapa, mwalimu. Hawa ni wa nyumbani."

Basi nikasema. Nilianza na kitabu kilichochanika nikamaliza na lile neno vizuri pale getini. Nilisema vibaya, narudia rudia, mimi niliyezoea kuhutubia. Akina mama wa Lindi waliacha kuchagua ndoo. Nilipomaliza, Aneth alikuwa ananitazama kwa utulivu ambao sikuupenda.

"Nilijua," akasema. "Uliponirudishia kitabu, zile kurasa za mwisho zilikuwa na mistari ya penseli yako. Kila ukurasa. Nilijua umezisoma zote na umezielewa."

Sikuwa na kumbukumbu ya kupiga mistari hiyo. Nimeshapiga mistari maisha yangu yote, mkono unakwenda wenyewe. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliandika uongo wangu.

"Nilikuwa nangoja useme. Wiki tatu nilingoja. Asubuhi ya mtihani nilipokuona getini nikafikiri umekuja kusema. Ukatutakia heri. Baba aliniweka kwako, mwalimu. Ningeandika tofauti ningekuwa nimekuita muongo mbele ya watu nisiowajua, hao wasahihishaji. Sikulelewa hivyo."

Nikamwomba msamaha. Alisimama kwanza akamfungia mteja mmoja mabeseni yake kwa kamba, akakaza fundo, akarudi. Akasema amenisamehe zamani, wala hana njaa, duka limempokea vizuri. Ila sheria aliitaka. Alilia sana mwaka ule, na mpaka leo akipita karibu na mahakama huwa anatazama pembeni. Aliyasema hayo bila kuinua sauti, na mimi nikawa natazama soda yangu.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kumrudishia kama kazi ya nyumbani.

"Darasani tulikuwa arobaini. Wenzangu wapo hapa hapa mjini, nakutana nao harusini na misibani, na bado wananiita Aneth wa kitabu cha kuokota. Sasa umekuja kuniambia mimi, ambaye nilikuwa najua. Wao utawaambia lini?"

Kwa hiyo, nyinyi walimu vijana, mkizikuta notisi zangu popote, kwenye karatasi au kwenye simu, zichaneni. Tafuteni kitabu kizima, msome wenyewe mpaka neno la mwisho, na mwanafunzi akiwaonyesha mlipokosea, mwambieni kweli amekosea mwalimu wako, palepale, wenzake wakisikia. Haiumi kama mnavyodhani. Inauma ikicheleweshwa.

Na nyinyi thelathini na tisa wa mkondo B, darasa lile la upande wa barabara, popote mlipo. Mzimu alikuwa mtumishi. Mke hakuhusika, na lile gauni jeupe nililishona mimi. Kitabu cha Aneth kilikuwa kizima na kilikuwa sahihi. Nilikisoma siku moja kabla sijakiinua mbele yenu, na mlipokuwa mnamcheka, ndani ya chumba kile sisi wawili tu tulikuwa tunajua nani muongo.